Shahidi wa Shimo la Tisa

Katika Klabu ya Gofu ya Mikongeni, nyuma ya Tegeta kwenye njia ya Madale, palikuwa na sheria moja ambayo haikuletwa na Waingereza wala haikuandikwa katika kitabu chochote cha mchezo ule. Ilichorwa kwa rangi nyeupe kwenye bati la kijani mlangoni: Mpira ukibebwa na kunguru, utarudishwa ulipokuwa, iwapo yupo aliyeona na akasema. Khalfani Mwinyimvua aliishika sheria ile kuliko mwanachama yeyote. Aliivunja mara moja tu, kwa kusudi, baada ya kujiandaa kwa miaka miwili na nusu.

Kunguru wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Aliyewahi kuanua nguo akakuta sabuni haipo, au kugeuza kichwa akakuta kifaranga kimepaa, anamjua. Pale Mikongeni kunguru walipenda mipira. Waliiona myeupe, ya mviringo, wakadhani ni mayai, wakaichukua mpaka juu ya mikorosho na huko wakaidonoa hadi wakate tamaa. Mpira uliopotea bila shahidi ulihesabiwa umepotea, na mchezaji aliongezewa mapigo ya adhabu, maana katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mwenye shahidi aliweka mpira mwingine palepale, akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo katika klabu ile jicho na ulimi vilikuwa na thamani sawa na fimbo.

Khalfani alikuwa Mzaramo wa Madale, mtoto wa mkata mkonge. Wakati wa utoto wake eneo lile lote lilikuwa shamba la mkonge, na mameneja wa shamba walijichimbia mashimo tisa ya kupitishia Jumapili zao. Mameneja waliondoka, shamba likataifishwa, kisha likafa. Mbuzi wakalala kwenye mashimo. Mwaka 1989, bidhaa ziliporudi madukani na marobota ya mitumba yakawa yanafunguliwa kila soko, watu kadhaa wakiongozwa na mwalimu mstaafu, Mzee Mwinjuma, waliliomba eneo lile, wakafyeka, wakafungua klabu. Mlangoni waliandika kwamba wote wanakaribishwa, mjuzi na anayeanza, nao walimaanisha. Alikuja muuguzi mwenye raba za mtumba. Walikuja mafundi vinyago wa Mwenge, wakapiga mpira kama wanaopasua gogo. Walikuja mawakala wa forodha kutoka Kurasini, wenye magari na mifuko ya ngozi. Kuna aliyekuja na fimbo tatu, mojawapo ya mtu wa mkono wa kushoto, na yeye si wa kushoto. Mgeni wa mchezo alipunguziwa mapigo kwenye hesabu ili aweze kusimama mbele ya mjuzi bila kuaibika.

Majani hayakustawi karibu na mashimo, maana maji yalikuwa ya shida. Badala yake kila shimo lilizungushiwa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya malori, mweusi, ulioshindiliwa. Kundi likipita, mtu alisawazisha kwa reki ya mbao ili wanaofuata wakute pamekuwa laini. Juu ya mchanga ule hata nyayo za mende zilionekana.

Khalfani alikuwa kedi wa kwanza wa klabu, yaani mbeba mfuko wa fimbo. Alikuwa ameshika kazi hiyo tangu enzi za mameneja, na kwa kuiba nafasi ya jioni baada ya wakubwa kwenda kuoga alijifunza kupiga mpira kuliko wote aliowabebea. Kila mtu alilijua hilo. Basi mwaka 1992 kamati ilipotangaza kombe la wazi, ambalo hata makedi wangeruhusiwa kushindana na wanachama, watu walisema limeshapata mwenyewe.

Hakulitaka kombe lenyewe. Alichokitaka ni ubao. Kamati iliagiza Mwenge ubao mkubwa wa mninga wa kuchongwa majina ya washindi, nao ungetundikwa katika ukumbi ambamo mameneja walikuwa wakinywa pombe yao. Baba yake Khalfani alikata mkonge katika ardhi ile miaka ishirini na sita, na jina lake lilikuwamo katika daftari moja tu la shamba, ambalo liliungua. Khalfani alimwambia mkewe, Mwamvita, kwamba safari hii jina la Mwinyimvua litakaa ukutani, na atakayetaka kulifuta itabidi aje na randa.

Siku ya mwisho alipangwa na Bwana Adelard, wakala wa forodha wa Kurasini. Adelard alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, mwenye pikapu mpya na leso nyeupe iliyopigwa pasi. Walipofika shimo la saba walikuwa wamewaacha makedi wao bondeni wakitafuta fimbo iliyoanguka. Mpira wa Khalfani ulilala vizuri kwenye majani, hatua thelathini mbele yao, na wote wawili walikuwa wakiutazama pale kunguru aliposhuka, akauchukua na kwenda zake. Adelard alicheka. Akasema kunguru huyo bila shaka ni wa Madale, maana anamjua mwenyeji. Khalfani naye akacheka. Akaweka mpira mwingine palepale, wakaendelea, na mwisho wa mashimo akawa ameshinda kwa pigo moja.

Kwenye meza ya kamati Mzee Mwinjuma aliuliza kama desturi ilivyotaka. Ulibadilishwa mpira wowote? Khalfani akasema ndiyo, la saba, kunguru. Nani aliona? Khalfani akamgeukia Adelard bila wasiwasi wowote, kama mtu anavyomgeukia jirani amsogezee chumvi.

Adelard alitoa leso akajifuta shingo.

“Mie sikuona kitu,” alisema.

Hayo tu. Hakupaza sauti, hakumtazama mtu. Kwa sheria za klabu, mpira uliowekwa bila shahidi ni udanganyifu. Ushindi wa Khalfani ulifutwa, kombe akapewa Adelard, na karatasi ikabandikwa mlangoni kwamba Khalfani Mwinyimvua amefungiwa mwaka mzima kwa kudanganya. Katika watu wote waliokuwapo, aliyefungua kinywa ni mmoja: Yustina, kedi mwenzake, mjane wa Kimakua kutoka Masasi, ambaye hata mwaka alikuwa hajautimiza pale klabuni. Alisema, “Mie namwamini kaka Khalfani.” Aliambiwa kedi hakuulizwa. Kwa muda wa miaka miwili baada ya hapo Adelard hakumpa mfuko wake aubebe, na yeye hakulalamika.

Habari ilifika Madale kabla ya Khalfani. Kwenye maulidi ya jirani, shemeji yake Twalib alimpokea mbele ya watu.

“Shem, kunguru hawajambo?”

Watu walicheka mpaka sahani zikatikisika. Toka hapo ikawa ndiyo salamu. Msibani, gengeni, kisimani: kunguru hawajambo? Khalfani alijibu hawajambo, kwa uso mkavu, na kila jibu alilitia mahali ndani yake ambako halikuoza.

Mzee Mwinjuma alikuwa na huruma. Hakutaka mtu wa siku nyingi afe njaa, akampa kazi ya kutunza shimo la tisa, lililo nyuma ya ukumbi: kusawazisha mchanga kwa reki tangu asubuhi mpaka jioni. Akamwongezea na kazi ya ukumbini. Kila Ijumaa Khalfani aliupaka ule ubao wa mninga mafuta ili usipasuke. Jina la Adelard lilikuwa limechongwa kwa herufi kubwa, na vumbi liliingia ndani ya herufi, kwa hiyo alilitoa kwa njiti ya kiberiti, herufi moja moja, A mpaka D. Mtu anayesafisha jina la adui yake kila Ijumaa ama anasamehe ama ananoa kisu. Khalfani alinoa.

Tusimtetee. Kudhulumiwa kwake kulikuwa kweli, lakini mlango wa kudai haki haukuwa umefungwa. Angeweza kumwomba Mzee Mwinjuma awaite wote wawili waape. Angeweza kusubiri mwaka mmoja uishe, ashindane tena, ashinde, na angeshinda. Kifungo chake kilipokwisha aliambiwa jina lake limerudishwa. Akashukuru, akakataa kucheza katika shindano lolote. Hakutaka tena kushinda. Alitaka Adelard asimame mbele ya ile meza akiwa amesema kweli, watu wote wakimtazama, halafu ayasikie maneno yaleyale matatu. Mengine yote, kutoboa matairi, kupeleka fitina Kurasini, aliyaona ya kitoto.

Kwa kusudi lake alihitaji vitu viwili: kunguru anayekuja kwa hakika, na ulimi ambao hakuna atakayeutilia shaka. Akaanza kuvitengeneza vyote viwili.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 alianza kuondoka nyumbani na kiporo cha ugali ndani ya mfuko wa rambo. Alfajiri, kabla ya mchezaji wa kwanza, aliumega, akauviringisha ukawa matonge madogo ya duara, akayaweka juu ya mchanga mweusi wa shimo la tisa, mawili au matatu, kisha akakaa pembeni na reki yake. Baada ya wiki mbili kunguru walikuwa wanamsubiri. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wamejifunza kwamba kitu cheupe cha mviringo juu ya weusi ule ni chakula, na hawakuuliza zaidi.

Mwamvita aliona sufuria ya kiporo iko tupu kila asubuhi na mumewe haongezeki mwili. Akamfuata siku moja mpaka ukingo wa uwanja, akayaona aliyoyaona, akarudi kumngojea nyumbani.

“Unawafuga?” alimwuliza.

“Nawalisha tu.”

“Kunguru hafugiki, baba Raudha. Utampa wewe, ataiba kwako.”

Khalfani alisema hamfugi kwa ajili ya nyumba. Mwamvita alimtazama sana, akaelewa nusu, na nusu aliyoielewa ilimtosha. Alisema kama ni yule mtu wa Kurasini, basi amwachie Mungu. Khalfani akajibu kwamba Mungu ana kazi nyingi.

Basi mipira ikawa inapaa pale la tisa, wakati mwingine mitatu kwa Jumamosi moja. Na hapo ndipo alipoutengeneza ulimi wake. Kila mpira ulipochukuliwa, Khalfani alikuwa pale, na kila mara alisema kweli tupu. Nimeona. Ulikuwa hapa, tazama kovu lake, na hizi nyayo za kunguru, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Mpira ulirudishwa mahali pake, mchezaji akamshukuru. Alisema kweli kwa muuguzi, kwa fundi cherehani, kwa wageni na wajuzi. Mchezaji akidanganya kwamba kunguru amechukua, Khalfani alisema hapana bwana, wako uko vichakani, na kweli ulikutwa vichakani. Ikafika mahali kamati ikaandika kwamba katika shimo la tisa neno la Khalfani peke yake linatosha. Mzee Mwinjuma alimwambia mbele ya wajumbe kwamba huenda mwaka ule walimwonea. Khalfani akainamisha kichwa, akasema yamepita, mzee wangu.

Hata kwa Adelard alisema kweli. Mwaka 1995, katika mchezo wa kawaida usio na kombe, mpira wa Adelard ulibebwa, naye akabaki amesimama, mkono kiunoni, anamtazama Khalfani kwa jicho la mtu anayekumbuka. Khalfani akanyoosha kidole mchangani, akasema nimeona, weka hapa. Adelard alivuta pumzi. Baadaye alimnunulia soda, akampiga begani.

“Ninachokupendea wewe,” alisema, “si mtu wa kinyongo.”

Khalfani aliinywa soda ile yote.

Katika miaka hiyo, jambo moja tu safi lilimbakia. Siku za Jumatatu klabu ilifungwa na wafanyakazi waliruhusiwa kucheza. Khalfani alimfundisha Yustina. Mwanamke yule alikuwa na mikono mizito ya jembe na jicho la mwewe, na alisikiliza. Khalfani alimchongea fimbo mwenyewe, kichwa chake cha mninga, kipande kilichobaki kwa fundi wa ule ubao. Alimfundisha jinsi ya kusimama, jinsi ya kunyamaza mwenzio anapopiga, na alimfundisha kazi ya kedi pia. Kuna jambo alilisisitiza zaidi ya yote: katika shimo la tisa usimsubiri mchezaji wako bondeni. Tangulia mlimani, ukakae chini ya mkorosho, utazame mpira unapotua, kwa sababu ya kunguru. Wengine walisubiri bondeni kwa uvivu. Yustina hakuwahi kusubiri.

Kufikia mwaka 1996 alikuwa anapiga vizuri kiasi kwamba kamati ilikuwa inazungumzia kumpa kadi ya uanachama, awe kedi wa kwanza mwanamke kuipata. Shauri lake lingeamuliwa kikao cha baada ya kombe la Agosti. Alimwambia Khalfani kwamba akiipata kadi ile atashindana, na akishindana atataka yeye ambebee mfuko. Wakacheka.

Siku ya mwisho ya kombe lile, Jumamosi, Adelard aliongoza tangu asubuhi. Alikuwa ameomba abebewe mfuko na Yustina, maana mambo ya zamani aliyahesabu kuwa ya zamani, na Yustina ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Khalfani aliwaona wakianza shimo la kwanza. Ilimpitia kichwani kwamba ingekuwa heri kama mfuko ule ungekuwa kwa mwingine. Ikapita.

Alikuwa hajawapa kunguru chakula siku mbili.

Saa saba na nusu mchana Adelard alipiga kutoka bondeni. Mpira ulikuja juu ya kilima, ukatua kwenye mchanga mweusi, ukabingirika, ukasimama hatua moja tu kutoka shimoni. Hata mtu aliyeanza jana angeutia. Wachezaji walikuwa bado nyuma ya kilima, hawaoni. Khalfani alisimama ukingoni na reki yake, peke yake. Hakuhesabu hata kumi. Kunguru mmoja alishuka kutoka kwenye mkorosho, akatua, akatembea hatua nne kwa maringo yake, akauchukua mpira na kuondoka.

Mchangani zilibaki nyayo: nne, safi kama muhuri, na kovu dogo pale mpira ulipokuwa.

Khalfani aliingia ndani ya duara, akaivuta reki mara moja kwenda, mara moja kurudi. Mchanga ukawa laini kama kitambaa. Alipoinua kichwa alimwona Yustina. Alikuwa chini ya mkorosho, mahali pale alipomfundisha kukaa, na mfuko wa Adelard begani.

Walitazamana. Bado alikuwa na nafasi. Alikuwa nayo kwa muda wote ambao wachezaji walipanda kile kilima, na kupanda si dakika moja. Hakuitumia.

Adelard alifika, akatafuta, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mwenziwe katika mchezo, fundi vinyago wa Mwenge aitwaye Kondo, aliyeanza gofu miaka mitatu tu iliyopita, alisema hajui chochote, yeye alikuwa bondeni. Wakaenda mezani, maana siku ya kombe shahidi huulizwa huko. Watu walikuwa wamejaa ukumbini, wake kwa waume, hata Twalib alikuwapo, aliyekuja kwa ajili ya pilau. Ule ubao ulikuwa juu ya kichwa cha Mzee Mwinjuma, umepakwa mafuta jana yake.

Adelard alisema mpira wake ulielekea moja kwa moja shimoni na bila shaka kunguru kauchukua. Yustina akasema ni kweli, ameona kwa macho yake. Mzee Mwinjuma akamkumbusha kwamba kedi hawezi kumshuhudia mchezaji anayembebea mfuko. Yustina alilijua hilo na hakubabaika.

“Si mie peke yangu, mzee,” alisema. “Kaka Khalfani alikuwa palepale. Mwulizeni yeye, hasemi uongo.”

Mzee Mwinjuma akamgeukia. Adelard naye akamgeukia, na katika uso wake palikuwa na ile imani ya mtu anayesubiri asogezewe chumvi. Khalfani aliutazama uso ule. Alikuwa ameungoja tangu mwaka 1992, na ulikuwa mtamu kuliko alivyofikiri.

“Mie sikuona kitu,” alisema.

Adelard alielewa palepale. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta leso, leso haikuonekana, na jasho likamtiririka kooni mbele ya watu wote. Angesema nini? Kwamba huyu ananilipiza kwa kuwa mimi nilidanganya? Alilipwa sawasawa na alichokopesha, na kama hadithi hii ingeishia hapo, wapo ambao wangepiga makofi.

Lakini Yustina alikuwa amesimama.

“Kaka,” alisema taratibu, “umeona. Ukasawazisha na reki.”

Khalfani akasema alikuwa anasawazisha alama za kundi lililotangulia, kama ilivyo kazi yake. Mzee Mwinjuma alimwuliza Yustina kama anaelewa anachosema, kwamba anamwita Khalfani mwongo, mtu ambaye kamati nzima inaliamini neno lake. Akamwambia ikiwa jua lilimpiga machoni aseme tu, yataisha. Yustina alimtazama Khalfani kwa muda, kama anayempa mtu nafasi ya kuokota kitu alichokiangusha. Kisha akasema hakupigwa na jua. Ameona, na Khalfani naye ameona.

Yaliyofuata yalifuata sheria. Adelard aliongezewa mapigo, kombe likaenda kwa Kondo, ambaye hakujua afurahi au asifurahi. Jumatatu kamati ilikaa. Kedi aliyetoa ushahidi wa uongo kwa faida ya mchezaji wake hana nafasi klabuni. Shauri la kadi liliondolewa mezani bila kusomwa, na karatasi ikabandikwa mlangoni, mahali palepale ilipobandikwa ile ya mwaka 1992: Yustina Namkaa ameondolewa kwa kudanganya.

Jioni ile alikwenda Madale. Mwamvita alimkaribisha, akasema hakai. Alikuwa ameshika ile fimbo ya mninga. Aliilaza juu ya baraza, mbele ya miguu ya Khalfani.

“Mwaka ule sikumwona kunguru,” alisema, “na nilikuamini. Safari hii nimemwona.”

Aliondoka. Mwamvita aliingia ndani, akatoka na sufuria ya kiporo, akaiweka karibu na fimbo, akaenda kulala chumbani kwa mtoto wao.

Khalfani alivumilia siku kumi na saba. Utamu wa ile Jumamosi ulikwisha kama siku ya tatu, kilichobaki ni yale macho chini ya mkorosho. Siku ya kumi na nane alimfuata Mzee Mwinjuma ofisini, akamwamkia, akamweleza yote: ugali, kunguru, reki, mwaka 1992. Mzee aliacha kalamu.

“Khalfani, ulisema kweli siku ile au leo?”

“Leo, mzee.”

“Na mimi nitajuaje?”

Khalfani hakuwa na shahidi wa kumpa. Ilibidi Mwamvita aje, asimame mbele ya kamati nzima, aeleze jinsi alivyomfuata mumewe mpaka uwanjani na alichokiona mchangani. Alieleza huku ametazama ukuta. Waliamini kwa sababu yake, si kwa sababu ya Khalfani. Wakamwandikia Yustina barua ya kumsafisha na kumrudisha, pamoja na kadi ya uanachama ndani ya bahasha, na wakamtaka Khalfani aipeleke mwenyewe.

Alimkuta Kurasini, nje ya uwanja wa makontena, anawapikia makuli wali na maharage. Alikuwa na foleni ndefu. Khalfani alisubiri mpaka ikaisha, kisha akampa bahasha. Yustina alifuta mikono, akaisoma barua yote, akaikunja, akaitia pamoja na kadi ndani ya bahasha, akamrudishia.

“Asante, bwana,” alisema. “Unakula?”

Alisema hapana. Yustina akaanza kuosha sahani.

Adelard alihamia klabu nyingine yenye majani halisi na hakuonekana tena Mikongeni. Jina lake la mwaka 1992 bado liko kwenye ubao, kwa kuwa hakuna aliyeshuhudia kinyume chake ila Khalfani. Kunguru waliendelea kushuka katika shimo la tisa kwa miaka mingi, wakitafuta ugali, na kamati iliandika upya lile bati la kijani: mashahidi wawe wawili. Khalfani alibakizwa kazini kufyeka majani upande wa barabara. Reki alinyang'anywa. Alifanya kazi pale miaka kumi na mmoja zaidi, aliona mambo mengi, na hakuna mtu aliyemwuliza tena ameona nini.